Malalamiko Kuhusu Bata Watatu na Vikapu Themanini na Vinne

Kwa Meneja,
Mkahawa wa Bata wa Kuchoma, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba jiko lako limepata nafasi ya kupoa tangu Jumamosi mchana. Mimi ndiye mteja wa meza ya duara karibu na dirisha, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeletewa bata watatu. Sidhani unahitaji zaidi ya hapo ili unikumbuke, ila kazi yangu hunitaka nithibitishe.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka ishirini na saba nimeandika habari za mahakama na vikao vya madiwani, na katika muda wote huo gazeti limechapisha sahihisho la kosa langu mara mbili tu. La pili bado nalipinga. Ofisini wananiita Bwana Hakiki. Sikuelezi haya kwa kujisifu. Nataka uelewe ukubwa wa hasara uliyonisababishia.

Nianze na usuli. Binti yangu, ambaye ni msaidizi wa daktari wa meno, anataka kuolewa na kijana fundi wa lifti. Kijana sina neno naye. Shida ilikuwa kati yangu na baba yake, mpima ardhi mstaafu. Yeye na mkewe, mwalimu mkuu mstaafu, walipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, nilimwuliza mpima ardhi maswali kumi na saba, daftari likiwa magotini: viwanja gani alipima, mwaka gani, nani alitia saini. Mimi nilidhani tunapiga soga. Kwenye swali la kumi na saba alitazama saa, akasema ana mgonjwa wa kumtembelea, wakaondoka chai ikiwa bado inafuka. Hakukuwa na mgonjwa. Nilifuatilia.

Binti yangu akanijia jikoni siku mbili baadaye. "Baba, nimewabembeleza wamekubali kukutana mara moja zaidi. Moja. Wakiondoka tena vile hawarudi, na mimi sitakulaumu mbele za watu. Nitakulaumu kimoyomoyo mpaka uzeeke."

"Na daftari libaki nyumbani," mama yake akasema bila kugeuka kutoka kwenye sinki.

Kijana ndiye aliyependekeza mkahawa wako. Alisema ni vigumu mtu kuhoji watu akiwa na bata mdomoni. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, nilipopanda ngazi zako sikuwa nimekuja kula. Nilikuja kuokoa ndoa ya mwanangu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeivuruga. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Karatasi yenu haina kichwa kinachosomeka.

Tulifika saa sita na nusu. Binti na mchumba wake walishuka kumwongoza mpima ardhi aegeshe gari kwenye ule uchochoro wenu. Mke wangu alikwenda kunawa. Mezani tukabaki mimi na mama wa kijana, ambaye katika barua hii nitamwita Mwalimu. Mhudumu wenu akaweka mbele yangu karatasi ndefu na penseli fupi. Juu kulikuwa na mstari wa Kichina. Chini yake majina thelathini na mawili ya vyakula, kuanzia bata mzima wa kuchoma hadi dim sum za kila namna, vile vitafunio vidogo vinavyoletwa kwenye vikapu vya mianzi vikiwa na mvuke wake. Mbele ya kila jina, kisanduku kitupu.

Nimejaza fomu nyingi maishani. Orodha, visanduku vitupu na penseli isiyo na kifutio, mahali pote nilipopita, maana yake ni moja: maoni ya wateja. Nikaweka alama, moja hadi tano, kila kisanduku.

Najua utauliza nilitoaje alama kwa vyakula ambavyo sijavionja. Ndugu Meneja, nimewahi kuandika habari ya hotuba saa tatu kabla mwenye hotuba hajaamka kitini. Nilikadiria. Bata nilimpa tatu, kwa kuwa sipendi kuonekana mtu anayebabaishwa na bata. Keki ya figili nilimpa mpishi wake tano, maana sikujua ni kitu gani na sikutaka Mwalimu anione mshamba. Miguu ya kuku nilitoa moja, kwa woga. Jumla ya alama zilikuwa themanini na saba. Nilijumlisha mara mbili pembeni mwa karatasi, na nadhani jikoni mliona hesabu hiyo mkaichukulia kama msisitizo.

2. Mhudumu wenu aliniuliza mara moja tu.

Alipoichukua karatasi aliisoma, akanitazama, akaisoma tena. "Baba, una uhakika na hizi namba?"

Nilimjibu hivi, na nayaandika kama nilivyoyatamka ili hesabu ya aibu yangu iwe kamili: "Mama, mimi katika maisha yangu sijawahi kurudi nyuma kwenye nilichokiandika."

"Haya baba," akasema, akaenda. Jikoni nikasikia kicheko, kisha kimya, kisha visu vingi kwa pamoja. Kwenye taaluma yangu jambo zito kama hilo huthibitishwa na vyanzo viwili. Mbona hakumwuliza mtu mwingine? Mwalimu alikuwa hapo hapo, hatua mbili, anakunywa chai.

3. Chakula chenu kilinizuia kufanya kazi.

Wenzangu walipokwisha kukaa, vikapu vikaanza. Vya kwanza vinne nilivipokea kwa utulivu. Vya pili sita nikadhani vya meza jirani. Kufika cha ishirini mhudumu alikuwa anavipanga kimoja juu ya kingine kama matofali, na kile kioo cha katikati ya meza kinachozunguka kikagoma kuzunguka kwa uzito. Mkaunga meza ya pili. Mkaunga ya tatu. Wateja wa upande ule walikuwa wamesimama kutazama.

"Baba watoto," mke wangu akaninong'oneza, "umealika wangapi?"

Hapo ndipo nilipoitazama meza ya jirani. Mzee mmoja alikuwa ameshika karatasi kama yangu, anaandika moja, moja, mbili. Akaletewa moja, moja, mbili. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, jinsi shahidi anavyoelewa kwamba amejibu swali la kesi nyingine. Ningeweza kusema. Mdomo niliufungua. Binti yangu alikuwa ananitazama kwa macho yale ya utotoni alipokuwa ananiomba nisimsahihishe mwalimu wake mbele ya darasa. Nikafunga mdomo. Kisha nikaufungua tena na kuweka kamba mmoja wa kikapuni ndani.

Nilikuwa nimemwandalia mpima ardhi maswali kumi na moja, yote ya kirafiki, nimeyakariri kwa kuwa daftari lilikatazwa. Sikumwuliza hata moja, maana nilikuwa simwoni. Kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa mianzi unaotoa mvuke. Kila mara ukuta ulipopungua na paji lake la uso kuonekana, kikapu kingine kilikuja kuliziba.

4. Alama na ladha havikulingana.

Miguu ya kuku, niliyoipa moja, ilikuja kikapu kimoja. Ndicho walichokigombania. Mke wangu na mpima ardhi walivutana na mguu wa mwisho kwa vijiti, watu wazima wawili, mpaka ukaruka ukaangukia chai ya kijana. "Hakuna vingine?" mpima ardhi akauliza, na mimi nikainamisha uso. Keki za figili zilikuja sahani tano. Mbili zilirudi hazijaguswa. Ikiwa mlijua mambo haya mapema, ungwana ulikuwa kunidokeza.

5. Bata alikuwa mzuri kupita kiasi.

Hili ndilo zito zaidi kitaaluma. Alama tatu kwa kipimo changu ni chakula cha wastani, cha kusahaulika. Wakaja bata watatu wazima kwenye toroli, shingo zimekunjwa, na mpishi wenu mwenye mikono mipana akawakata mbele yetu. Ngozi ilikuwa nyekundu inang'aa kama meza iliyopigwa vanishi, na kisu kilipoigusa ililia kama majani makavu yanayokanyagwa. Kila kipande cha nyama kilipewa kipande chake cha ngozi. Unachukua kijichapati chembamba kama karatasi, unapaka ile sosi nyeusi tamu, unaweka tango na majani ya kitunguu, unalaza bata, unakunja.

Bata wa kwanza nilihesabu vipande mpaka hamsini na nne, halafu nikaacha kuhesabu. Naomba uzingatie hilo. Nimehesabu safu za viti katika kila ukumbi niliowahi kuingia. Nimehesabu vikohozi vya jaji. Sijawahi kuacha katikati. Nilikula mikunjo saba. Wa nane alinikunjia mpima ardhi mwenyewe, akaupitisha juu ya ukuta wa vikapu, na vidole vyake vilikuwa vinameta mafuta. "Chukua hiki," akasema, "hiki nimekipima."

Bata wa alama tatu hapaswi kumfanya mtu acheke na mdomo umejaa. Mlivunja makadirio yangu.

6. Mlinipa sifa isiyo yangu.

Baada ya bata wa pili mpima ardhi alisimama, akajifuta mikono, akakohoa.

"Mzazi mwenzangu, nitasema ukweli. Mimi nilikuja hapa na maneno yangu tayari. Nile kidogo, nishukuru, halafu niseme haya mambo ya watoto tuyaache, maana sisi na ninyi hatuwezani. Sasa nimeiangalia hii meza..." Akaiangalia. Sauti ikamkwama. Mabega yakamtikisika, akajifunika uso, na mke wangu akampa kitambaa. Baada ya muda akaweza kuendelea. "Sasa basi. Watoto waoane."

Akakaa. Binti yangu alilia palepale, machozi yakaingia kwenye sosi. Kijana alimshika mkono. Mke wangu akaniegemea akasema polepole, "Miaka yote hii sikujua nimeolewa na mtu mkarimu hivi." Ndugu Meneja, mimi ni mtu ninayepima sukari ya wageni kwa jicho. Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba ukarimu ni ugonjwa nilioificha familia. Mpima ardhi aliondoka na bata wa tatu mikononi, mzima, amefungwa kwenye karatasi ya kaki, ushahidi wa kosa langu ukishuka ngazi kwa heshima zote.

7. Kosa limesambaa.

Katika vikapu na sahani themanini na nne, mezani tulimaliza thelathini na tisa. Arobaini na tano mkatufungia, na mke wangu akavigawa mtaa mzima. Majirani ambao kwa miaka hunisalimia kwa kope sasa wananiamkia kwa sauti. Ndugu yangu amepiga simu: "Kaka, nasikia siku hizi mkono umefunguka! Tunakuja mwisho wa mwezi. Hatuko wengi, sita tu." Leo asubuhi mlinzi wa ofisini amenifungulia geti huku akisema, "Karibu Mzee Bata Watatu." Mhariri wangu ameniita na kuniuliza kama ningependa kupumzika na mahakama nichukue ukurasa wa vyakula, kwa vile inaonekana nina moyo nao. Miaka ishirini na saba, Ndugu Meneja, imefutwa na penseli isiyozidi kidole.

Kuhusu bili sina malalamiko. Ilijumlishwa sawasawa.

Kutokana na haya yote, ninadai kwa heshima mambo yafuatayo. Kwanza, karatasi ile iandikwe juu, kwa lugha tunayoisoma wote, kwamba ni ya kuagizia. Pili, bata wenu wapunguzwe ubora mpaka wafikie alama tatu, au nipewe maelezo ya maandishi kwa nini haiwezekani. Tatu, na ndilo kubwa, uandike barua rasmi kwa mpima ardhi, yenye mhuri wa mkahawa, kumfahamisha kwamba karamu aliyoiona haikuwa ukarimu wangu bali ilikuwa kosa.

Najua unalofikiri: mzee huyu ana wazimu, akisema ukweli ataibomoa ndoa. Nimelifikiria hilo Jumapili nzima, nikila keki ya figili kwa kifungua kinywa. Binti yangu alikuwa anaosha vyombo huku anaimba, jambo ambalo hajalifanya kwetu tangu ile ziara ya kwanza. Lakini mpima ardhi amekubali kuungana na mtu ambaye hayupo. Siku moja atakuja kwetu, atapewa chai na biskuti mbili, atanitazama. Nimewaona watu wengi kizimbani walioanza na uongo mdogo wa namna hiyo, na niliandika majina yao yote kwa usahihi.

Kwa hiyo naomba barua hiyo iseme kosa lilikuwa la jikoni kwenu. Mimi nisitajwe. Ninatambua kwamba hilo si kweli, na kwamba namwomba mtu mwingine adanganye ili mimi nibaki msema kweli. Nimeisoma sentensi hiyo mara nne na sijapata njia ya kuihariri. Usipojibu ndani ya siku saba nitalifikisha suala hili kwa chama cha wamiliki wa mikahawa, kwa idara ya viwango, na ikibidi kwa ofisi yoyote inayoshughulika na bata.

Nifikishie salamu zangu kwa mpishi mwenye mikono mipana. Kwa mhudumu, ambaye kwa kweli alifanya alichoweza. Kwa mzee wa meza ya jirani aliyeagiza moja, moja, mbili. Kwa wote waliosimama kutazama. Na kwa yeyote aliyecheka jikoni, maana ningekuwa mimi ningecheka pia.

Ni mimi, mwenye kuhakiki kila kitu isipokuwa karatasi moja,

Mwandishi wa Habari za Mahakama

Baada ya saini:

Nilikuwa nakwenda kutafuta stempu nikaona si haki mpima ardhi asikie kwako kabla ya kusikia kwangu. Nikapiga simu nyumbani kwao. Akapokea Mwalimu. Nikajikaza, nikasema, "Mama, kuna jambo kuhusu ile karatasi ya mkahawani."

"Zile alama?" akasema. "Nilikuona unaziandika. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na moja, alama nikiiona siijui? Ulimpa bata tatu. Ulikuwa mkali mno."

Nikamwuliza mbona hakunizuia.

"Ningekuzuiaje? Mama wa watu alikuuliza vizuri, ukamtolea hotuba. Nikasema acha."

"Na mzee? Anajua?"

"Nilimwambia kabla bata wa kwanza hajakatwa. Pale aliposimama, wewe ulidhani analia?"

Nikasema ndiyo, nilidhani analia.

"Alikuwa anacheka, baba. Tangu Jumamosi anacheka. Jana alicheka kanisani mpaka nikamfinya. Sikiliza nikwambie. Mlipokutana mara ya kwanza ulimkalisha saa nzima hukukosea hata tarehe moja. Tuliporudi akaniambia, binti hana kasoro, ila yule baba simwezi, mtu asiyekosea ukikaa naye unajiona mshtakiwa. Sasa Jumamosi amekuona umekosea kuliko alivyowahi kuona mtu akikosea, halafu ukakaa kimya ukala kwa ajili ya mtoto wako. Akasema huyu tutawezana naye."

Nyuma yake nilimsikia mpima ardhi akiuliza nani, akajibiwa, akaanza kucheka upya.

Kwa sababu hiyo naondoa malalamiko namba moja hadi saba, pamoja na madai yote. Tafadhali usiandike barua yoyote kwa mtu yeyote. Karatasi iache ilivyo. Mke wangu bado ananiona mkarimu. Hilo nitalisahihisha mwenyewe leo jioni, ana kwa ana, akiwa ameketi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi familia zote mbili tunakuja kupanga siku ya harusi, jumla watu kumi na wanane. Naomba meza tatu zikiwa zimeunganishwa tayari, na vikapu kumi na viwili vya miguu ya kuku. Idadi hiyo imethibitishwa na Mwalimu. Mimi nimeambiwa nije kula.